Damu inajibu swali moja tu: historia ya kutafuta baba wa mutoto



Kila mumoja wetu amekwisha kuona jambo hili kwenye matanga, ao amelisikia kwa jirani. Baba wa familia amezikwa. Watu wamerudi nyumbani, wamekula, na siku ya tatu familia inakaa ili kuzungumuza mambo ya nyumba na ya parsele. Mama mumoja hawamujui anaingia na kijana wa miaka makumi mbili. Anasema kwa sauti ndogo: "Uyu pia ni wa marehemu." Kelele inaanza. Shangazi mumoja anamuangalia kijana, anasema pua ni ya marehemu kabisa. Mwengine anajibu kama pua hairizi parsele. Kisha mutoto wa kwanza wa marehemu, yule mwenye alisoma, anasimama: "Tupime ADN, mambo iishe."

Mambo haitaisha vile. ADN, ile wenye kusoma Kiingereza wanaandika DNA, ni kitu kikubwa, na leo tutaona namna ilivumbuliwa na namna inafanya kazi. Lakini mbele ya kuipima inafaa tujue kama kwenye ile matanga kuna maswali mawili, hata kama watu wanasikia moja tu. La kwanza: nani alimuzaa huyu kijana? La pili: nani ni baba yake mbele ya sheria na mbele ya ukoo? Historia ya ile kesi, kuanzia Roma mpaka kwetu, ni historia ya watu wenye kuchanganya yale maswali mawili. Na kila mara waliyachanganya, mutoto njo alilipa.

1. Wakati hakukuwa labo

Waroma wa zamani waliona kwamba mama anajulikana siku zote, kwa sababu watu wanaona tumbo na wanaona kuzaliwa. Baba haonekani. Basi sheria yao ilikata maneno: baba ni yule ndoa inamuonyesha. Haikusema kama bwana wa yule mama njo alizaa hakika. Ilisema tu sheria itamuhesabu kuwa baba, ili mutoto wa ndoa asikose baba na watu wasipeleleze kitanda cha wazazi.

Wazee wetu pia walifika karibu na pale, kwa njia yao. Kwa makabila yenye kufuata ukoo wa baba, kama Bashi, Banande ao Baluba wa Katanga, mali ya ndoa njo ilisema mutoto ni wa nani. Ngombe ao mbuzi zikishatoka, watoto wa yule mwanamuke ni wa ukoo wenye ulitoa mali. Kwa wenye kufuata ukoo wa mama, kama Bakongo na Babemba wa kusini ya Katanga, mutoto ni wa ukoo wa mama yake, na mujomba ana neno kubwa juu yake hata kama baba anajulikana vizuri. Kwa pande zote mbili, hakuna mutu aliuliza damu peke yake. Waliuliza: nani anamujibia huyu mutoto?

Ulaya ilifanya jambo la kushangaza zaidi. Mwaka 1804, Kode ya Napoleon ilikataza karibu kabisa mutoto wa inje ya ndoa kupeleka mwanaume kwenye tribinali ili aitwe baba yake. Mwanaume akikataa, imekwisha. Mama alibaki na mutoto, na haya, na njaa. Ubelgiji, yenye ilifuata ile kode, ilifungua mulango kidogo mwaka 1908. Ufaransa ilifuata mwaka 1912. Ni karne moja nzima ya watoto wenye walijua jina la baba yao na hawakuwa na haki ya kulitaja mbele ya muamuzi.

2. Kwetu: baba anajulikana, karatasi inasema hajulikani

Hiyo karne haikupita mbali na sisi. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, wanaume wazungu wengi walizaa na wanawake wa Kongo. Kijiji kizima kilijua baba ni nani: ajenti fulani, mufanyabiashara fulani. Lakini mara nyingi baba hakutaka kumuandikisha mutoto, na makaratasi ya serikali ikasema "baba hajulikani". Kisha serikali ikatumia ile karatasi. Kwa sababu mutoto "hana baba", ikajifanya mulezi wake, ikamutoa kwa mama yake, ikamuweka kwenye misioni mbali na kwao. Mama alikuwa pale, muzima, mwenye kunyonyesha na kulisha. Hakuhesabiwa.

Wanawake watano kati ya wale watoto, wenye walichukuliwa mbele ya kufikisha miaka 7 na kupelekwa misioni ya Katende kule Kasai, walishitaki serikali ya Ubelgiji wakiwa wazee. Mwaka 2021 tribinali ya Brussels ilikataa mashitaka yao. Waliendelea. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024, tribinali ya rufaa ya Brussels ilisema kama serikali ya Ubelgiji ilitenda uhalifu juu ya ubinadamu kwa kuchukua wale watoto, na ikaamuru kila mumoja wao alipwe euro 50.000. Miaka mitano mbele ya pale, tarehe 4 mwezi wa ine 2019, waziri wa kwanza Charles Michel alikuwa amekwisha kuomba msamaha kwenye bunge la Ubelgiji kwa jina la serikali.

Tuangalie vizuri. Katika ile kesi damu haikukosa kujulikana. Kilichokosa ni mutu wa kuikubali. Kama labo ingekuwa kule Kasai mwaka 1950, ingesema jambo lenye kijiji kilijua tayari. Mutoto angebaki pale pale misioni.

3. Kundi za damu, na kesi ya Chaplin

Njia ya kwanza ya sayansi ilitoka Vienna. Mwaka 1901, munganga Karl Landsteiner alionyesha kama damu za watu zina kundi mbalimbali, zile sisi tunaita A, B na O. AB iliongezwa nyuma kidogo. Alipata tuzo la Nobel mwaka 1930. Kisha watu wa sayansi waliona zile kundi zinarithiwa kwa kanuni. Mama wa O na baba wa O, kwa kawaida, hawazae mutoto wa A. Mutoto akiwa na B, na mama hana B, ile B lazima ilitoka kwa baba.

Basi damu ikaanza kuingia kwenye tribinali. Lakini ilikuwa na mupaka mukubwa: iliweza kusema "huyu hapana", haikuweza kusema "huyu ndiyo". Wanaume wenye kundi B ni mamilioni.

Na hata ile "hapana" watu hawakuisikiliza. Mwaka 1945 kule California, Charlie Chaplin, yule wa filme, alipelekwa kwenye tribinali na mama mumoja kijana. Kipimo kilionyesha mama ni A, mutoto ni B, Chaplin ni O. Kwa sayansi ile, Chaplin hawezi kuwa muzazi wa yule mutoto. Lakini sheria ya pale haikulazimisha baraza la watu wenye kukata kesi kufuata kipimo. Waliletewa mutoto, wakamuangalia sura, wakaangalia na Chaplin. Pua, macho. Walikata kwamba Chaplin njo baba, na akaamuriwa kulipa dolari 75 kila juma. California ilibadilisha sheria mwaka 1953. Shangazi wetu wa kwenye matanga hayuko peke yake: hata kwenye tribinali ya Marekani, pua ilishinda damu.

4. Asubui moja mu muji wa Leicester

Tarehe 10 mwezi wa tisa 1984, siku ya kwanza ya juma, mwalimu wa univasite Alec Jeffreys, mu muji wa Leicester kule Uingereza, alitoa filme moja kwenye maji ya kuisafishia. Alikuwa anatafuta namna mambo fulani ya ADN inarithiwa. Aliona mistari mieusi, kama ile ya bei kwenye bidhaa za duka, na mistari ya kila mutu ilikuwa tofauti na ya mwengine. Tena, mistari ya mutoto ilikuwa nusu ya mama na nusu ya baba. Alielewa mbio kwamba amepata kitu cha kumutambulisha mutu.

Watu wengi wanafikiri kesi ya kwanza ilikuwa ya muuaji. Hapana. Ilikuwa ya familia ya Waafrika. Mwaka 1985, kijana mumoja wa familia ya kutoka Ghana alirudi Uingereza kwa mama yake. Wenye kuchunguza paspoti walisema huyu si mutoto wake, pengine ni mutoto wa ndugu yake. Walitaka kumurudisha. Baba hakupatikana ili apimwe. Jeffreys alipima damu ya kijana, ya mama, na ya watoto wengine watatu wa yule mama. Kwa mistari ya wale watoto wengine alijenga ADN ya baba mwenye hakuwa pale, na akaona yule kijana ni ndugu yao wa damu kabisa, mama mumoja na baba mumoja. Serikali iliacha kesi, na kijana akabaki kwa mama yake.

Ile kesi inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kazi ya kwanza ya ADN kwenye sheria ilikuwa kuunganisha familia. Pili, baba akikosekana, ndugu wanaweza kumusemea. Tutarudia hapo.

5. Namna kipimo kinafanya kazi

ADN iko ndani ya karibu kila chembe ya mwili wetu, imefungwa mu kromozomu 46. Nusu, 23, zilitoka kwa mama. Nusu zilitoka kwa baba. Ndani yake kuna mahali fulani ambapo neno fupi linajirudia-rudia, kama mutu mwenye kigugumizi. Kwa mutu mumoja linajirudia mara 9, kwa mwengine mara 12. Kila mutu ana namba mbili kwa kila mahali: moja ya mama, moja ya baba.

Tuseme pa mahali pamoja mutoto ana 9 na 12. Mama ana 9 na 10. Basi 9 ilitoka kwa mama, na 12 lazima ilitoka kwa baba. Mwanaume mwenye kupimwa ana 12? Inaweza kuwa yeye. Hana? Tunaandika na tunaendelea mahali pengine. Labo za leo zinaangalia mahali 15, 20 ao zaidi. Namba zikikataa mahali mengi, yule mwanaume si muzazi, na hakuna mabishano. Zikikataa mahali pamoja tu, labo haikati mbio, kwa sababu namba inaweza kubadilika yenyewe kati ya baba na mutoto, hata kama ni mara chache. Zikikubali zote, labo inahesabu na inaandika asilimia 99,9 ao zaidi. Haiandike 100, kwa sababu inahesabu tu bahati ya mwanaume mwengine kuwa na namba zile zile. Pacha wa kufanana kabisa, kwa mufano, kipimo cha kawaida hakiwatofautishe.

Damu si lazima. Kijiti chenye pamba kinapitishwa ndani ya shavu, imetosha. Lakini kwa kesi ya tribinali, kazi kubwa haiko kwenye pamba, iko kwenye ushahidi: nani alitoa, nani aliona, karatasi gani ilionyesha yule mutu ni yeye, na bahasha ilifungwa mbele ya nani. Nywele zenye mutu aliiba kwenye kofia ya jirani hazimufikishe mbali. Na wandugu wetu walioko Ufaransa wajue: kule kipimo cha baba kinafanywa kwa amri ya muamuzi tu, na mwenye kupima kwa siri anaweza kufungwa mwaka mumoja na kulipa euro 15.000.

Na kama baba amekufa, sawa kwenye ile matanga? Wanaweza kupima wazazi wa marehemu, ao watoto wake wenye wanajulikana, sawa vile Jeffreys alifanya. Kwa wanaume kuna pia kromozomu Y, yenye inatoka kwa baba kwenda kwa mutoto mwanaume, kizazi kwa kizazi, karibu bila kubadilika. Lakini Y inataja ukoo, haitaji mutu. Marehemu, kaka yake, baba yake mudogo, wote wana Y moja. Mwaka 1998, watu wa sayansi walipima wazao wa familia ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na muzao wa Sally Hemings, mwanamuke aliyekuwa mutumwa wake. Y ilikubali: mwanaume wa ukoo wa Jefferson alimuzaa mutoto wa mwisho wa Sally. Ili kusema ni Jefferson mwenyewe, wanahistoria walirudi kwenye makaratasi: Jefferson alikuwa nyumbani wakati gani, na yule mama alizaa wakati gani. Labo ilifungua mulango. Makaratasi njo iliingia ndani.

6. Mufalme na pamba

Kesi kubwa ya siku zetu ilitoka tena Brussels. Mwanamuke musanii, Delphine Boël, alisema baba yake ni Albert II, mufalme wa Ubelgiji, mudogo wa yule Baudouin aliyekuwa kwetu tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Wakati Albert alikuwa mufalme, hakuna muamuzi angemuita. Aliacha ufalme mwaka 2013, na kesi ikaingia mwaka ule ule.

Lakini Delphine alikuwa na baba tayari kwenye makaratasi: bwana wa mama yake. Ile kanuni ya Roma ilikuwa inamungoja mulangoni, miaka elfu mbili nyuma. Mwaka 2017 tribinali ya kwanza ilimukatalia. Mwaka 2018 tribinali ya rufaa ilisema yule bwana si baba yake wa sheria, na ikaamuru Albert apimwe. Akakataa. Mwezi wa tano 2019 walimuwekea deni la euro 5.000 kwa kila siku ya kukataa. Alipima. Mwezi wa kwanza 2020 alikubali kama yeye njo alimuzaa, na maavoka wake waliandika kwamba kuzaa kwa damu na kuwa baba kwa sheria si lazima viende pamoja, lakini hatabishana tena. Tarehe 1 mwezi wa kumi 2020, tribinali ilimupa Delphine jina la baba yake na cheo cha binti mufalme.

Kwa hiyo pamba peke yake haikumupa baba. Ilihitaji sheria imuondoe kwanza baba wa karatasi, imulazimishe wa damu kupimwa, kisha iandike jina.

7. Sheria yetu inasema nini

Sisi Wakongomani tuna Kode ya familia, sheria namba 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa munane 1987, yenye ilirekebishwa mwaka 2016. Wengi wanaitaja bila kuisoma. Inasema kila mutoto Mukongomani lazima awe na baba, na hakuna mutu ana ruhusa ya kutomujua mutoto wake, akiwa wa ndoa ao wa inje ya ndoa. Tupime uzito wa neno lile tukikumbuka Napoleon na watoto wa Katende.

Kisha inaweka njia. Mutoto mwenye amezaliwa kwenye ndoa, ao ndani ya siku 300 kisha ndoa kuisha, baba yake ni bwana. Kwa mutoto wa inje, baba anaenda kwenye biro ya etasivili kumuandikisha. Kule wanaita afiliasio. Akikataa, kuna tribinali. Na kama baba hapatikani kabisa, muamuzi anaweza kumupa mutoto baba wa sheria, mwenye kuchaguliwa kwenye familia ya mama ao mutu mwenye mama anapendekeza. Yule anajibia mutoto kama baba, bila kuwa na damu yake. Mujomba wa zamani amerudi, amevaa koti la sheria.

Mwiba uko kwenye urithi. Watoto wa inje ya ndoa wanaingia kundi moja na watoto wa ndoa, lile lenye kupata robo tatu ya mali, lakini kode inaongeza: wale wenye baba aliwaandikisha wakati alikuwa hai. Kijana wa kwenye matanga anaweza kuwa na pua, damu, na asilimia 99,9. Kama hakuna karatasi, lazima kwanza apitie tribinali, alipe avoka, apime na ndugu wenye hawamutaki, na angoje. Ile karatasi yenye ingemuokoa baba angeitoa asubui moja tu, na kitambulisho chake mukononi.

Basi wandugu, ile matanga haitatengenezwa na labo. Ilipaswa kutengenezwa miaka makumi mbili nyuma, komini. Kama uko na mutoto mahali, na unajua, na yeye anajua, juma hili uende kwenye etasivili. Kama una mashaka, pima wakati wewe ni muzima, mbele ya sheria, si kwa siri na si siku ya hasira. Na mbele ya kupima, ujiulize utamuambia nini mutoto wa miaka kumi mwenye alikuita baba tangu aanze kusema, kama namba zitakataa. Swali lile labo haiulizwe. Unaulizwa wewe.

Na kwa wale wenye watabaki kwenye matanga: wakati yule mama ataingia na kijana wake, mumupe kwanza kiti.